Pombe Iliyokataa Kuamka

Kambi ya mkonge, Korogwe
Jumapili, 5 Mei 2024

Mama Leah,

Leo ni miezi minne kasoro siku mbili tangu niondoke hapo nyumbani, nikimwacha Mama kaburini na wewe mlangoni. Nakuandikia kwa sababu simu ya dada Scholastika ina masikio. Kila nikipiga nasikia pumzi mbili, yako na yake. Barua hii ataileta Stanley wa lori la vitunguu, anapita hapa kila baada ya wiki mbili hivi. Ukijibu, mpe yeye.

Mimi ni mzima. Mwiba wa mkonge umeniingia kidole gumba kikavimba, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Hata bila mwiba unajua niliishia darasa la tano.

Stanley kaniambia, tena akicheka, kwamba pombe ya kumaliza matanga ya Mama umeipika na imekataa. Sikucheka. Mama kapika pombe ya mtama kwenye mtungi ule tangu sijazaliwa, sijawahi kusikia imekataa hata siku moja. Imekataaje? Niambie hatua kwa hatua, kama unaandikisha polisi. Ulianza na nini, ukafuata nini, ilinuka vipi, ilikuwa na rangi gani. Hapa nikiinama kukata majani nawaza hilo tu, mpaka nyapara ananiuliza kama naongea na mkonge.

Na hayo maneno ya baba mdogo Urbano, kwamba umepewa mara tatu tu, ni ya kweli au ni chumvi ya Stanley?

Nisalimie Leah.

Alute


Mgori
19 Mei 2024

Baba Leah,

Barua imefika ikinuka vitunguu. Sisi wazima.

Nakuandikisha kama polisi. Nililoweka mtama siku mbili. Nikautandaza chini ya gunia bichi mpaka ukaota. Mara ya kwanza nilichelewa kuufunua, ukaota ukungu wa kijani, nikaumwaga wote nikaanza upya. Hata hilo Scholastika alilihesabu kuwa kosa. Ulipoota vizuri nikauanika, nikautwanga, nikapata kimea. Nikapika uji mzito wa mtama, nikaumimina kwenye mtungi wa Mama, nikatia kimea, nikakoroga, nikafunika, nikangoja.

Unakumbuka pombe ya Mama ilivyokuwa asubuhi ya pili? Inachemka bila moto, ukipita unaisikia inanong'ona. Yangu, siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu niliinamisha sikio mpaka shavu likagusa uji. Imelala kama maji ya kisima. Siku ya tano ikawa siki, kuku wakaikimbia.

Baba mdogo hakuongeza chumvi. Alisema mbele ya wote, "Wakwe zetu wa Kinyangiri, kwao huyu, wanajua kupika pombe yao. Hii ni ya nyumba hii. Marehemu akiukubali mkono, pombe huamka. Tunakupa mara tatu. Ikilala ya tatu, mtungi si wako, na nyumba aliyolala Mama si yako. Utarudi kwenu mpaka tujue ulimkosea nini." Mimi nimelala nyumba hiyo miezi saba nikimuuguza, Alute. Nimemwosha mgongo. Scholastika alikunja mikono akasema, "Akiwa hai hakumruhusu hata kuushika ule mtungi. Mnashangaa nini?"

Lingine. Ule mwiko mrefu wa Mama wa kukorogea pombe haupo. Nimetafuta darini, ghalani, kote. Nimekorogea mwiko mpya wa mnadani. Nina hakika Scholastika kauficha ili nishindwe.

Felista


Korogwe
Jumapili, 2 Juni 2024

Mama Leah,

Nimeisoma barua yako mara nne. Sasa sikiliza, nimefanya utafiti.

Hapa kuna Godfrey, Msambaa, kwao wanapika pombe ya miwa. Nilimweleza yote. Akaniuliza, "Uji ulikuwa wa moto kiasi gani alipotia kimea?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi hujui kitu." Kwa hiyo nakuuliza: ulikuwa wa moto kiasi gani? Anasema ukitia kimea kwenye uji unaounguza, umekichemsha kikafa, unabaki na uji tu.

Akauliza tena, ulifunika na nini? Nikasema ungo, kama Mama. Akacheka. Anasema inzi ndiye mama wa siki. Inzi mmoja akitia mguu, umekwisha. Funga barabara, hewa isipite. Tafuta dumu la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, kaza kwa nguvu zako zote, usifungue mpaka siku ya kunywa.

Kuhusu mwiko, achana nao. Mti ni mti. Usigombane na dada kwa ajili ya kijiti.

Kidole kimepona. Sasa ni mgongo. Kambini tunalala wanne chumba kimoja, na mmoja wao ni Miraji wa Itigi, mtu mzima kunizidi, zamani alikuwa akioka mikate karibu na stesheni ya reli. Anakusalimia. Anasema habari ya pombe si yake, lakini mwisho wake anataka kuujua.

Alute


Mgori
23 Juni 2024

Baba Leah,

Mwambie Godfrey aje mwenyewe afue koti la baba mdogo.

Nilifanya kama mlivyoniagiza. Uji niliuacha upoe. Na kwa kuwa niliogopa ulale tena, nikanunua hamira dukani, nikatia na sukari nusu kilo ili ipate nguvu. Dumu la lita ishirini, nikakaza kifuniko kwa kitambaa na meno. Siku ya pili dumu likaanza kunenepa. Nikafurahi, nikasema leo imeamka. Siku ya tatu lilikuwa mviringo kama mbuzi mwenye mimba, haliwezi kusimama.

Baba mdogo akaja kukagua, amevaa lile koti la kanisani. Akaliinamia, akaligonga kwa fimbo. "Hili mbona limevimba hivi?" Kifuniko kilipiga dari. Alute, pombe ilitoka kama mwanamke aliyenyamaza miaka kumi. Ilimjaa usoni, masikioni, kwenye koti, na mbuzi akakata kamba akakimbia mpaka kwa jirani. Baba mdogo alisimama tu, machicha yanamchuruzika kwenye ndevu. Akalamba mdomo. Akasema polepole, "Hii inanuka mkate."

Leah alicheka mpaka akalala chini. Mimi nilicheka kwa ndani, halafu nikalia kwa ndani. Imehesabiwa kuwa ya pili. Imebaki moja.

Sasa la kukuudhi. Kisimani, mbele ya wanawake, nilimwita Scholastika mwizi. Nilimwambia arudishe mwiko wa Mama. Nilijua atanirukia. Hakunirukia. Alitua ndoo, akakaa juu ya jiwe, akalia. Dada yako, ambaye hata msibani hakutoa chozi mbele ya watu. Akasema, "Mimi nimuibie Mama?" Tangu siku hiyo hatusalimiani, tunapishana kama kuku na mwewe.

Kosa la hamira ni langu. La sukari ni langu. La kifuniko ni lako.

Felista


Korogwe
Jumapili, 7 Julai 2024

Mama Leah,

Leo imetimia nusu mwaka kamili. Kosa la kifuniko nalipokea. Godfrey nilipomsomea alisema kwao huacha tundu dogo. Alisahau kusema tundu! Mtu anakufundisha pombe anasahau tundu.

Lakini niliposoma pale baba mdogo aliposema inanuka mkate, Miraji aliinuka kitandani. Akaniuliza, "Mkeo alitumia hamira ya dukani?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sisi tulikuwa hatununui kila siku. Jioni tulibakiza donge la unga wa leo, kesho tunalichanganya na unga mpya. Donge la juzi liliumua la jana, la jana likaumua la leo. Siku moja mfanyakazi mgeni akaona donge lile, akadhani ni uchafu, akalitupa na karai akalisugua. Itigi nzima ilikula mkate kama tofali." Halafu akaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani kama mwiba. "Mama yako alibakiza nini?"

Kila siku naliuliza nikiwa shambani. Mama alibakiza nini? Hakuwa na donge. Hakununua hamira. Pombe ya sherehe iliisha hadi machicha, mtungi ukakaa mtupu hata miezi miwili, akipika tena inaamka. Kwa hiyo kitu kilikuwa kinalala mahali, kinamngoja. Wapi? Miraji anasema chachu ni kama kunguni, inajificha kwenye ufa.

Nijibu kwa kweli, sitakasirika. Ule mtungi baada ya msiba ulifanywa nini?

Kuna jambo jingine nimelikumbuka, lakini mkono umechoka.

Alute


Mgori
21 Julai 2024

Baba Leah,

Umeuliza kwa kweli, nami najibu kwa kweli. Niliuosha.

Unajua desturi, vyombo vya marehemu huoshwa vikapinduliwa. Sufuria zake niliziosha kama kila mtu anavyoosha, maji na jivu. Lakini mtungi sikuuosha kama kila mtu. Niliupeleka korongoni, nikausugua kwa mchanga na sabuni ya unga, ndani, mpaka kile kigaga cheusi kikatoka vipande vipande. Kisha nikamwagia maji yanayochemka. Kisha nikauanika siku mbili.

Nikuambie kwa nini, maana hili sijamwambia padri. Miaka tisa niliyoolewa, kila nikiusogelea Mama alisema, "Usiguse, hujui." Namuuguza, namgeuza, namlisha, siku moja nikataka kuusogeza tu ule mtungi nifagie, akainua kichwa kitandani, "Usiguse." Alipokwisha kuzikwa nikausugua kwa hasira, Alute. Nilikuwa nasema na mtungi, "Sasa nakugusa. Sasa nakugusa." Ulipong'aa nilijiona mshindi.

Kumbe nilikuwa naua pombe. Kama ningeuliza kwa nini nisiguse, labda angeniambia. Sikuuliza, naye hakusema.

Kwa hiyo aliyemkosea marehemu wamempata. Ni mimi. Baba mdogo ametangaza siku: Jumamosi tarehe 31 Agosti, ukoo wote. Pombe iwepo au mimi nisiwepo.

Kama Miraji anasema kweli, na chachu inajificha kwenye ufa, basi ule mwiko nao ulikuwa na nyufa, na Mama hakuwahi kuuosha. Nilimwona mwenyewe, akiutoa na povu lake anautundika ukauke. Ningekuwa nao leo ningejaribu. Lakini anao Scholastika, nami nimemtukana, siwezi kumwomba.

Jambo gani ulilolikumbuka? Mkono unachoka kwa mkonge, hauchoki kwa sentensi moja.

Felista


Korogwe
Jumapili, 4 Agosti 2024

Felista mke wangu,

Mwiko ninao mimi.

Hiyo ndiyo sentensi moja. Imenichukua karibu miezi saba.

Asubuhi ile ya kuondoka, Januari, nyinyi mlikuwa jikoni. Niliingia chumbani kwa Mama. Najua vitu vya marehemu havichukuliwi kabla ya kugawana, na mtoto wa kiume mkubwa ndiye anayepaswa kulilinda hilo. Niliuona umening'inia. Nikaunusa, unanuka yeye, mikono yake. Nikaukata mpini kwa panga ili uingie kwenye begi, nikaufunga na kipande cha kanga yake. Hapa umetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda changu. Sijaukorogea kitu, sijauosha. Nikichoka naunusa, basi. Mtu mzima wa miaka arobaini.

Ulipoandika kwamba haupo, nilipaswa kusema. Niliona aibu. Nikakwambia mti ni mti. Halafu ukamwita dada mwizi, nikaona nimechelewa. Kila barua ikaongeza kufuli.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo usingizi umeniruka. Barua yako ilipofika, Miraji alisema, "Usiamini, jaribu." Nikanunua mtama sokoni Korogwe. Nikauotesha kwenye gunia la katani, unaota vizuri kuliko gunia la plastiki kwa sababu la katani linapumua. Nikaufunua mapema, ukungu haukupata nafasi. Nikatwanga, nikapika uji, nikaupoza, nikatia kimea. Nikaugawa kwenye ndoo mbili ndogo zinazofanana. Moja nikakorogea kijiko cha kawaida. Ya pili nikakorogea mwiko wa Mama, nikauacha humo ndani umelala. Nikafunika zote kwa kitambaa, hewa ipite, inzi asipite. Hilo la tundu tumejifunza.

Kesho yake tulirudi kutoka shambani saa kumi, tumechoka, hatujanawa, tukainama juu ya ndoo kama ng'ombe. Ya kijiko imelala. Ya mwiko ilikuwa na povu kidogo pembeni, kama mate ya mtoto. Nikasema labda ni macho yangu. Asubuhi ya pili nilisikia kabla ya kuona. Mama Leah, ilikuwa inanong'ona! Sauti ileile. Miraji aliweka sikio, akasema, "Inapumua hii." Nikamkaribisha aonje. Akasema, "Pombe sionji. Lakini pua haijakatazwa." Akanusa, akatikisa kichwa, akasema, "Mama yako hajafa wote."

Niliingia chooni nikalia. Naandika hilo kwa sababu nimechoka kuficha.

Mwiko nimeukausha na povu lake kama alivyokuwa akifanya. Nampa Stanley aulete kwako safari ijayo. Mwambie Scholastika umeuokota darini, yaishe.

Alute


Mgori
13 Agosti 2024

Alute,

Usimpe Stanley.

Nimesoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilikasirika zaidi, kwa lile la kuokota darini. Unataka niongeze uongo wangu juu ya wako ili dada yako abaki mwizi wa miezi mitatu aliyesamehewa na panya wa darini. Sitaki. Ya tatu nilifika pale ulipounusa, nikashindwa kuendelea kukasirika vizuri.

Jana kabla barua yako haijafika, Scholastika alikuja. Alisimama nje, hakuingia. Akasema, "Mwiko sinao. Lakini usije ukatia kimea uji ukiwa wa moto." Nikamwambia niliupoza. Akasema, "Uliupoza kwa macho. Mama alikuwa anaweka kiganja kwenye tumbo la mtungi, anasali Baba Yetu. Ukiunguzwa kabla ya amina, bado. Ukifika amina mkono uko palepale, tia." Nikamuuliza kwa nini ananiambia. Akasema, "Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya Mama asiaibike mbele ya watu." Akaondoka.

Huyo ndiye mwizi wangu, Alute. Kumbe nusu ya pombe alikuwa nayo yeye kichwani, nusu unayo wewe msumarini, na mtungi mimi nimeusugua. Mama aliigawa pombe yake bila kutuambia.

Aliyeutoa mwiko nyumbani aurudishe kwa miguu yake. Nyapara mwambie chochote. Mimi la mtungi nitalisema mwenyewe siku hiyohiyo, nikiwa nimesimama.

Leah anauliza baba yake ana sura gani siku hizi.

Felista


Korogwe
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mama Leah,

Barua hii isome kwa sauti, baba mdogo na dada wakiwepo. Sehemu ya chini tu ni yako.

Baba mdogo, shikamoo. Pole kwa koti. Dada Scholastika, shikamoo. Mwiko wa Mama niliuchukua mimi, siku ninaondoka, kabla ya kugawana. Felista alikuita mwizi kwa sababu mimi nilinyamaza. Ukitaka kunipiga nao nitakapofika, nipige, ila usiuoshe kwanza. Baba mdogo, umesema tutafute aliyekosea. Mimi nimekosea la kwangu. Mwenzangu atakwambia la kwake. Lakini pombe haikulala kwa sababu Mama ana hasira. Ililala kwa sababu chachu yake ilikuwa Korogwe juu ya kitanda changu. Nimeiona ikiamka kwa macho haya. Nakuomba usihukumu kabla ya kuisikia mwenyewe.

Mpaka hapo unasoma kwa sauti.

Nimemwambia nyapara kweli, kwamba napeleka mwiko nyumbani. Alinitazama kama mgonjwa. Akasema nafasi yangu hatanishikia. Nikasema sawa. Panga langu nimempa Godfrey, godoro nimempa Miraji. Miraji amenipa gunia lake jipya la katani kwa ajili ya kuoteshea mtama. Anasema kama hatujui Baba Yetu atatufundisha Alhamdu, muda ni uleule.

Sijui kama itaamka katika mtungi uliosuguliwa. Kwenye ndoo iliamka, na ndoo haikuwa na kigaga chochote. Nalifikiri hilo kutwa. Na ikiamka, huenda baada ya miaka kigaga kitaota tena, cha kwako. Leah akikisogelea, usimwambie asiguse. Mwambie kwa nini.

Fanya hivi. Anza kuotesha mtama ukipata barua hii. Jumatano tarehe 28 asubuhi pika uji, mimina kwenye mtungi, usifunike kwa kitu cha kukaza. Scholastika aweke kiganja, asali mpaka amina. Akifika amina, tia kimea, mkae, msikoroge.

Mimi naondoka na Stanley Jumanne tarehe 27 alfajiri, tunapita Babati, nashuka Singida mjini, napanda bodaboda. Nitafika Jumatano, tarehe 28 Agosti, jua likiwa bado liko juu, nikiwa na mwiko mkononi.

Alute